Naomba ushauri: bluu iliyoiva kabisa sebuleni, nyumba itakuwa giza au itapendeza?

MamaNasra_Tegeta

Wakuu habarini za jioni. Naombeni ushauri kwa wale mliowahi kupaka bluu iliyokolea ndani ya nyumba, sio ile bluu bahari ya vyumba vya watoto wala ile iliyopauka, nazungumzia bluu nzito, ya baridi, ambayo ukiiangalia kwa mbali unaweza kusema ni nyeusi ila ukisogea unaona kabisa ni bluu, kama kaniki mpya ambayo haijafuliwa hata mara moja.

Nyumba ni yetu wenyewe, huu mwaka wa nane tangu tuhamie, na kuta zote ni krimu tangu siku ya kwanza maana fundi aliyemalizia alituambia krimu haina mambo mengi na sisi tulikuwa tumechoka na hela zimekata tukasema sawa piga krimu. Sasa hivi hiyo krimu imechoka, mikono ya watoto imeichora kuanzia usawa wa kiti kushuka chini, kwahiyo kupaka upya lazima tu, na mimi sitaki tena krimu.

Sebule yenyewe ni kama mita 4 kwa 5. Dirisha kubwa lipo moja linatazama mashariki barabarani, na lingine dogo lipo kaskazini ila jirani kajenga ukuta mrefu pale, kwahiyo mwanga wake ni wa kuazima tu. Chini kuna taili za krimu zinazong'aa, sofa ni za ngozi kahawia, mlango na kabati la tv ni mninga, dari ni jipsamu nyeupe na taa zake ni zile nyeupe kali.

Wazo lilinijia Unguja, nilienda kwenye harusi ya binamu yangu tukalazwa kwenye nyumba moja ya Shangani, sebule yao ni bluu ya namna hiyo ninayoisema. Nilikaa mle peke yangu kama saa kumi na moja jioni, wenzangu wako sokoni, feni inazunguka, nje pikipiki na watu wanaitana, lakini mle ndani kumetulia yani nikasikia mabega yanashuka yenyewe. Mimi nafanya kazi wodini, narudi nyumbani kichwa kimejaa sauti, na tangu siku ile nawaza kuwa na chumba kama kile.

Tatizo ni mama mkwe wangu, tunaishi naye na namheshimu sana, yeye kasema itakuwa kama zahanati, ile ya nusu ukuta rangi ya mafuta ya bluu. Mume wangu hana neno mradi pasiwe giza. Je kwa mwanga huo wa kwangu inawezekana? Na nipake kuta zote au mmoja? Natanguliza shukrani.

Mzawa_wa_Kilosa

Dada usifanye. Nilipanga chumba na sebule Mwananyamala, mwenye nyumba alikuwa amepaka bluu nzito chumbani, saa tisa alasiri unawasha taa, luku inakimbia, na mbu akitua ukutani humuoni mpaka akuume. Ukitaka bluu weka mapazia na mito ya sofa, ukichoka unabadilisha kwa siku moja. Ukuta ukishakuwa bluu kuirudisha nyeupe ni kazi nyingine kabisa, unapiga mkono wa kwanza bado inaonekana, wa pili bado inachungulia.

FundiRangi_Kinondoni

Shikamooni wakubwa zangu, na wengine habarini. Mama Nasra mimi huu mwaka wa kumi na saba napaka rangi, nyumba za bluu nzito nimepaka nyingi na nyingine nimeitwa kuzifuta, kwahiyo naomba nikuambie ninavyoiona kwa upande wa kazi.

Inawezekana kwa chumba chako. Mkuu wa Kilosa hajakosea kwamba rangi nzito inakula mwanga, ukuta mweupe unarudisha sehemu kubwa sana ya mwanga unaougonga na bluu ya namna hiyo inarudisha kidogo mno, ila chumba kuwa giza na chumba kuwa kimetulia ni vitu viwili tofauti, na tofauti inatoka kwenye vitu ambavyo sio ukuta. Wewe una taili za krimu zinazong'aa na dari nyeupe. Jua la asubuhi likiingia kwa dirisha la mashariki linapiga taili, linaruka mpaka dari, linashuka tena. Hapo kuta zikiwa bluu bado unaona kila kitu. Chumba alichopanga mkuu inawezekana kabisa sakafu ilikuwa saruji ya kijivu, dari haina siling bodi na dirisha moja la futi tatu.

Sasa kazi yenyewe ndio wengi wanaumia. Rangi nzito haitoki kwenye ndoo ile ile ya nyeupe. Dukani kwenye mashine ya kuchanganya wanatumia ndoo yenye unga mweupe kidogo sana au haina kabisa, maana ule weupe ukiwepo bluu haiwezi kuiva, inabaki bluu ya sare. Lakini ule unga mweupe ndio unaofunika ukuta. Kwahiyo rangi nzito ni nzuri kwa macho ila kwa kufunika ni dhaifu, unapaka mkono wa kwanza unaona mistari ya rola na krimu inachungulia, mteja anashtuka anasema nimeuziwa rangi feki. Sio feki. Dawa yake ni kuanza na praima, yani rangi ya chini ya kutangulia, iwe ya kijivu, mwambie muuzaji aitie nyeusi kidogo mpaka iwe kijivu cha wastani, ukipaka hiyo mkono mmoja bluu yako itaziba kwa mikono miwili au mitatu, bila hiyo utafika wa nne na wa tano na hela inakwenda.

Hesabu yake iko hivi. Chumba cha 4 kwa 5 mzunguko wake ni mita 18, ukizidisha kimo cha mita 2.8 unapata kama mita za mraba 50, toa mlango na madirisha tuseme 8, inabaki 42. Ukuta laini lita moja inakwenda kama mita za mraba 10 kwa mkono mmoja, kwahiyo mikono mitatu ni lita 12 na ushee. Nunua 16, yani galoni nne za lita nne nne, zote siku moja, alafu kabla ya kuanza zimimine zote kwenye ndoo moja kubwa uzikoroge pamoja. Hili nasisitiza kwa sababu galoni mbili zilizochanganywa siku tofauti zinaweza kupishana kidogo sana, kwenye krimu huoni, kwenye bluu nzito utaona ukuta wa kushoto sio mtoto wa baba mmoja na wa kulia. Itakayobaki ifunge vizuri uiweke kwa ajili ya marekebisho.

Alafu usichague rangi kwenye simu. Tangu wale Pantone, kampuni ya viwango vya rangi, walipotangaza Classic Blue kuwa rangi ya mwaka 2020 wateja wananiletea picha kwenye simu, na kila simu inaonyesha bluu yake. Kuna bluu inayoegemea zambarau, kama ile bluu ya kufulia nguo nyeupe, na kuna bluu inayoegemea kijani, kama maji ya kina kirefu ukiwa kwenye boti la Unguja. Ukiwa na kadi moja tu ya rangi mkononi huwezi kujua, ziweke mbili tatu kwenye karatasi nyeupe ndio utaona hii inaenda huku na ile inaenda kule. Kwa taili zako za krimu na mninga ningekushauri hiyo inayoegemea kijani na itiwe nyeusi kidogo, ile ya zambarau ikikaa na krimu inaifanya krimu ionekane kama imeungua na jua.

Na kuta zako zikoje? Zimepigwa skimu, yani ule ulainisho wa mwisho juu ya plasta? Kuna fangasi popote?

MamaNasra_Tegeta

Asante sana kaka fundi, Mungu akubariki, sijawahi kuelezwa hivi hata na fundi aliyejenga. Kuta zilipigwa skimu lakini ukuta unaopakana na bafu una fangasi kuanzia chini mpaka kama usawa wa goti, unga mweupe unatoka na rangi inabambuka, tumeshakwangua na kupaka mara mbili inarudi. Nilifikiri bluu nzito itaficha.

FundiRangi_Kinondoni

Hapo dada simama kwanza, bluu haitaficha, itatangaza. Huo unga tunauita fangasi lakini sio ukungu, ni chumvi. Maji yanapita ndani ya tofali, yanayeyusha chumvi iliyo kwenye saruji na mchanga, yanafika usoni kwa ukuta yanakauka, chumvi inabaki nje. Huku kwetu Pwani mchanga mwingine una chumvi tangu ulipochotwa. Kwenye krimu unaona rangi imebambuka tu, ila kwenye bluu nzito huo unga mweupe utauona umesimama mlangoni.

Kwahiyo usiguse rangi yoyote kabla hujajua maji yanatoka wapi. Mwite fundi bomba aangalie bomba la bafu lililopita kwenye huo ukuta na grauti kati ya taili za bafuni. Mkishaziba, kwangueni plasta iliyooza, huo unga utoe kwa brashi kavu, msiumwagie maji maana unauyeyusha unarudi ndani. Pakauke kweli kweli. Mkipiga plasta mpya subirini siku 28 hata kama mkono unakuambia pamekauka, saruji changa ina ukali wa chokaa na huo ukali unaharibu rangi, hasa hizi zilizotiwa rangi nyingi, zinatoka mabaka mabaka. Baada ya hapo piga praima inayostahimili ukali wa saruji. Na kamwe usikubali mtu akupigie rangi ya mafuta pale ati iwe ngumu, maji yakikosa pa kutokea yanavimbisha.

BintiKisauni

Assalam aleikum wote, dadangu MamaNasra mie niko Mombasa, chumba changu cha kulala nilikipaka bluu ya aina hiyo mwaka jana mwezi wa sita na ningependa nikueleze kilichonipata maana kwa kweli nilikaa wiki mbili nikijuta na sasa huwezi kunitoa humo ndani.

Tulipomaliza kupaka mchana pako sawa, panapendeza. Usiku tukawasha taa, Subhanallah, nikaona kama niko chumba cha kuhifadhia maiti. Ukuta ulikuwa wa baridi, ngozi yangu mwenyewe kwenye kioo imekuwa ya kijivu, shuka nyeupe imekuwa na rangi ya barafu. Nikaanza kumwambia mume wangu turudishe ile ya zamani. Ndugu yangu wa kiume ambaye ni fundi wa stima akapita kutusalimia akatazama juu akaniambia dada ukuta hauna kosa, tazama balbu. Zilikuwa zile zimeandikwa 6500K, nyeupe inayoelekea bluu, kwahiyo mwanga bluu unagonga ukuta bluu na hakuna chochote cha moto humo ndani. Akaniletea balbu mbili za 3000K, zile za mwanga wa manjano, akazifunga kwenye taa za kando ya kitanda, ya juu akaweka 4000K, nyeupe ya katikati. Kuna namba nyingine kwenye boksi imeandikwa Ra ama CRI, ya kupima taa inavyoonyesha rangi za vitu kwa ukweli wake, alinitafutia ya 90 akasema ya 80 itafanya rangi zife.

Usiku ule chumba kilikuwa kingine. Mbao za kitanda zikawaka, sinia ya shaba ya nyanyangu ambayo nimeitundika ukutani ikawa kama ina moto wake ndani, na ule ukuta ukarudi nyuma, sijui niseme vipi, ukuta mweupe unakuja kwako lakini ule unarudi nyuma kama usiku wa baraza. Ila nikuambie ukweli pia, chini ya balbu za 3000K peke yake bluu inakaribia kuwa nyeusi, ndio maana ile ya 4000K naiwasha kama nataka kuiona bluu yenyewe, nyakati nyingine naiacha. Kwahiyo wewe kabla hujanunua hata galoni moja badilisha taa zako za dari kwanza, huenda hata hiyo krimu ukaiona tofauti.

Jambo la pili, kuhusu mama mkwe na zahanati. Ana haki. Ile bluu ya zahanati ni ya mafuta, inang'aa, inakata ukuta katikati na juu yake kuna nyeupe ama krimu. Usifanye kitu hata kimoja kati ya hivyo. Chukua rangi ya maji isiyong'aa, ipande kutoka sakafu hadi dari bila kukatwa. Mng'ao kwenye bluu nzito unaonyesha kila shimo la plasta, na ukitazama ukuta unamwona kila mtu anayepita kama kwenye maji machafu.

Na jambo la tatu hili nimelifikiria sana. Wazee wetu huku Pwani nyumba za mawe walizipaka chokaa nyeupe ndani kwa sababu vyumba vilikuwa virefu na vyembamba, mwanga unaingia kutoka uani tu, nyeupe ndiyo iliyoufikisha mpaka chumba cha ndani. Lakini bluu waliipenda, waliiweka kwenye zidaka, mabakuli ya kichina ya bluu na nyeupe yamepangwa ndani ya vishimo vya chokaa. Nilipokuwa mtoto nilipelekwa Lamu nikaziona zile zidaka na sijasahau jinsi ile bluu ilivyokuwa na nguvu kwa sababu tu imezungukwa na nyeupe. Kwahiyo hata ukipaka kuta zote, acha nyeupe safi mahali, fremu za madirisha, dari, pazia la pamba jeupe lisilo na maua. Bluu bila nyeupe karibu yake macho yanaizoea na yanaacha kuiona.

Mtembezi_HH

Nimependa sana maelezo ya dada wa Mombasa. Mimi niko Hamburg, na nataka kuongeza kitu ambacho naona kinawapoteza watu wengi wa nyumbani wanaosoma ushauri wa mapambo kwenye mitandao ya huku. Utakuta wameandika usipake bluu kwenye chumba kinachotazama kaskazini kwa sababu hakipati jua. Hiyo ni kwa ajili yetu sisi huku, ambako jua mwaka mzima linapita upande wa kusini, chumba cha kaskazini mwanga wake ni wa anga tu na anga lina bluu, kwahiyo ukuta wa bluu unazidi kuwa wa baridi.

Dar es Salaam iko karibu nyuzi 7 kusini mwa ikweta. Kuanzia mwezi wa tatu mwanzoni mpaka karibu katikati ya mwezi wa kumi jua la mchana liko upande wenu wa kaskazini, na miezi iliyobaki linahamia kusini, na mwaka mzima linakaa juu juu kichwani. Kwahiyo huo ushauri kwenu unageuka, na kwa kweli kaskazini na kusini haina uzito kama mashariki na magharibi. Dirisha la mashariki kama lako MamaNasra linakupa mwanga wa moto asubuhi na kuanzia adhuhuri linakupa mwanga wa baridi uliotulia. Bluu yako itakuwa na nyuso mbili kila siku. Kama unakaa sebuleni zaidi jioni ukitoka zamu, hiyo ya pili ndio ya kuipima.

Mimi hapa nilipaka bluu nzito sebule ya ghorofa ninayokaa. Mwezi wa kumi na mbili jua linachomoza saa mbili na nusu asubuhi na saa kumi jioni limezama, katikati ya hapo ni wingu. Baridi ile ya rangi niliisikia mpaka kwenye mifupa, nikavumilia msimu mmoja nikapaka upya rangi ya udongo. Lakini nilipopita Marrakesh nikaingia ile bustani ya Majorelle, mchoraji Mfaransa aliyeipaka nyumba yake bluu kali mwaka 1937, nikaona bluu inaweza kukaa kwenye jua kali ikawa kama kivuli cha mwembe. Ile ni kali kuliko unayoitaka na ipo nje, sikwambii uige. Ila nilijua pale kwamba jua la kwetu lina nguvu ya kuibeba bluu nzito, na huku halina. Nikirudi nyumbani kujenga, bluu ninaipaka tena.

Mzawa_wa_Kilosa

Wakuu nimewasoma wote. Hilo la balbu kweli sikulifikiria, kwenye kile chumba nilikuwa na tyubu laiti moja nyeupe. Na sakafu kweli ilikuwa saruji, fundi umejuaje. Bado naona apake ukuta mmoja tu, ule wa nyuma ya tv, akiona vema ataendelea.

FundiRangi_Kinondoni

Mkuu mimi hapo napingana na wewe kwa heshima. Ukuta mmoja wa bluu nzito katikati ya krimu tatu, jicho ukiingia linakimbilia pale pale halipumziki, na yeye anatafuta utulivu. Pia pembeni ambapo bluu inakutana na krimu kila kona ya plasta isiyonyooka itaonekana, na kona zilizonyooka huku kwetu unazijua. Kama anaogopa, afadhali apake chumba kidogo chote, hata korido, akae nacho mwezi mmoja.

Au afanye hivi, na hii nawaambia wateja wangu wote. Nunua lita moja tu, tafuta kipande cha hadibodi cha sentimita 60 kwa 60, kipake mikono miwili na uache mpaka mweupe wa vidole viwili pembeni ili krimu ya ukuta isiidanganye macho. Ikiwa mbichi itaonekana kama maziwa yametiwa wino, usiogope, rangi ya maji ikikauka inakolea. Alafu kiegemeze ukutani, asubuhi hapa, mchana pale, usiku na taa zimewashwa, kiweke nyuma ya sofa, kiweke kando ya mlango wa mninga. Siku nne tano. Kila mtu wa nyumbani akipite, na mama mkwe pia.

Siku ya kupaka anzeni asubuhi mapema, feni zimezimwa, watu wawili, mmoja na brashi ya inchi mbili anakata kona na mwingine anamfuata na rola kabla kingo hazijakauka. Kwa joto letu rangi inakauka haraka, ukichelewa pale ulipounganisha patabaki mstari mzito hautoki. Usitoke ukutani katikati kwenda kunywa chai, maliza kona hadi kona. Tepu ya karatasi ya juu ibandue rangi ikiwa bado na unyevu, taratibu, kwa kuvuta kwa mshazari. Huo mstari kati ya bluu na dari nyeupe ukinyooka, chumba kizima kinaonekana cha gharama.

Na mkubali mapema kwamba rangi isiyong'aa ikisuguliwa inabaki na alama ya kung'aa. Ukuta wa upande ambao watoto wanapita uweke yenye mng'ao kidogo sana, ile ya kati. Vumbi la barabarani litaonekana pia, pitisheni kitambaa kikavu laini kila wiki, na mjusi kafiri anaacha alama nyeupe, hiyo ifute siku hiyo hiyo kwa kitambaa cha unyevu bila kusugua.

MamaNasra_Tegeta

Wakuu nimerudi, ni kama miezi miwili sasa, nawiwa kuwapa mrejesho kwa jinsi mlivyonisaidia.

Fundi bomba alikuta kiungio cha bomba la maji ya bafuni kinavuja ndani ya ukuta, amekibadilisha, plasta ya chini tumeipiga upya na tumesubiri siku zote 28, nilikuwa nahesabu kwenye kalenda ya jikoni. Mpaka leo hakuna unga.

Taa tumebadilisha za 4000K juu na taa mbili za kusimama za 3000K. Mume wangu akasema hata krimu imependeza tuache tu, nikamwambia hapana baba Nasra, tulishaanza.

Nilipaka vipande vitatu vya hadibodi. Cha kwanza kilikuwa kinaegemea zambarau, kaka fundi ulisema kweli, nilikiweka karibu na taili nikakiondoa dakika hiyo hiyo. Cha pili kilikuwa kizuri mchana ila usiku kikawa cheusi kabisa. Cha tatu ndio chenyewe, kinaegemea kijani kidogo, mchana kina ubaridi na usiku bado bluu inabaki mle ndani ukikitazama.

Na mama, nilikiegemeza kile cha tatu nyuma ya kiti chake anachokaa kuswali na kusikiliza redio, sikusema kitu. Siku ya tatu nimetoka zamu ya usiku nimemkuta amekishika mapajani amekigeuzia dirishani, amefungua sanduku lake ametoa kaniki ya marehemu mama yake, imekunjwa mara nne, ameiweka juu ya ile hadibodi anaangalia moja baada ya nyingine. Kaniki imepauka kwenye mikunjo lakini ndani ya mkunjo bado ina ile nili yenyewe. Akaniambia mwanangu hii yako imezidi kidogo, ila sio ya zahanati.

Kwahiyo tunapaka kuta zote, Jumamosi hii saa moja asubuhi, praima ya kijivu tulishapiga jana. Kaka fundi swali moja la mwisho, fremu ya mlango wa mninga niiache ilivyo au nayo niipake nyeupe kama alivyosema dada wa Mombasa?

FundiRangi_Kinondoni

Mninga usiuguse dada. Piga msasa mwembamba, vanishi mpya mkono mmoja usiong'aa sana. Nyeupe weka kwenye fremu za madirisha.

BintiKisauni

Naunga mkono, mninga uache. Na hiyo kaniki muombe mama ruhusa, siku moja itiwe kwenye fremu ya kioo itundikwe ukuta usiopigwa na jua.